Kuhesabu Gharama ya Chuo

Kijana aitwapo na chuo cha Kanisa, barua yake huonyesha ada kwa maandishi makubwa. Wazazi wakiisha kuiona, huuza ng'ombe kwa kadiri ya ada ile, kisha humshukuru Mungu. Taabu huja baadaye. Twawajua vijana waliolipiwa ada yote, nao wakarudi nyumbani mwaka wa pili kwa sababu ya chakula.

Basi yafaa tujifunze hesabu hii. Tuseme kijana wa Bunda aenda Makumira, chuo chetu kule Usa River, kilichoanza pale mwaka 1954 kwa ajili ya wachungaji, nacho siku hizi ni chuo kikuu. Hesabu tuziandikazo si za Makumira wala za chuo cho chote. Ni za kufundishia tu. Ada ni shilingi 1,500,000. Chakula na malazi 1,200,000. Vitabu, bima ya afya na mitihani 300,000. Nauli, godoro na vitu vidogo 200,000. Jumla ni shilingi 3,200,000 kwa mwaka. Chuo chamsamehe 500,000, na usharika wamchangia 300,000. Zimebaki 2,400,000. Hiyo ndiyo gharama halisi. Kwa miaka mitatu ni 7,200,000, msaada usipokatika. Nao hukatika, kwa maana msaada mwingine ni wa mwaka wa kwanza tu, au huondolewa alama zikishuka. Na mzazi asipouliza, huenda asiambiwe.

Sasa habari ya mkopo. Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, hukopesha hata wanafunzi wa vyuo vikuu vya dini, lakini masomo ya cheti hayamo. Ikiwa kijana wetu amepata 1,000,000, nyumbani watatoa 1,400,000. Wengi husema, "Gharama yetu ni 1,400,000." Sivyo! Gharama ni ile ile 2,400,000; sehemu moja imeahirishwa. Akipata kazi atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021, nayo ilikuwa nafuu kubwa. Hatuwakatazi watu kukopa. Lakini atakaye kuwa mchungaji wa usharika mdogo, unaoishi kwa sadaka za wakulima, na aulize kwanza mshahara wake utakuwa kiasi gani.

Tena kuna majira. Mkulima wa Bunda hupata fedha ya pamba katikati ya mwaka. Mvuvi wa Musoma hupata ya dagaa wakati wa giza la mwezi. Chuo hufungua karibu na Oktoba, na fungu la pili la ada hudaiwa yapata mwezi wa Machi, pamba ikiwa bado shambani na ghala ikielekea kuwa tupu. Hapo ndipo mwanafunzi azuiliwapo kufanya mtihani. Kwa hiyo twaona ni heri usharika upunguze karamu ya kumwaga kijana, na kuiweka akiba fedha ile hata Machi. Pilau ya siku moja haijamfikisha mtu mwaka wa tatu.

Na nyumba aiachayo nayo ina gharama yake. Mwalimu Julius Nyerere alikwenda Edinburgh mwaka 1949 kwa fedha ya masomo iliyotolewa na Serikali. Lakini baba yake alikuwa amekufa tangu mwaka 1942, na mama yake alikuwa mjane kule Butiama. Fedha ya masomo hailimi shamba la mjane. Akiondoka mwana mkubwa, nani atachunga, nani atavuta nyavu? Kibarua atakayewekwa mahali pake naye aandikwe katika hesabu.

Kabla ya kuuza cho chote, mzazi na amwandikie mweka hazina wa chuo: msaada huu ni wa miaka mingapi? Ni zawadi au ni deni? Ada yaweza kulipwa kwa mafungu mangapi, na mwisho wa kila fungu ni tarehe gani? Asiyezoea kuandika na amwendee mzee wa usharika.