Kabla Ramani Haijagongwa Muhuri: Mwongozo wa Kushirikisha Wananchi katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa

Mwongozo huu ni kwa maofisa maendeleo ya jamii, maofisa mipango, wahandisi, watendaji wa kata na mitaa, na watumishi wa afya wanaopewa jukumu la kuwashirikisha wananchi hospitali ya rufaa ya mkoa inapojengwa au kupanuliwa. Mifano ni ya Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, uliotegemea Hospitali ya Kibena kabla ya kupata majengo mapya Wikichi, mjini Njombe.

Sema lililokwisha kuamuliwa

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, andika kwenye karatasi moja mambo yaliyokwisha kuamuliwa na mambo ambayo maoni ya wananchi yanaweza kuyabadili. Karatasi hiyo isomwe mkutano unapofunguliwa. Ikiwa kiwanja kimeshachaguliwa, sema hivyo waziwazi, kisha uombe ushauri juu ya lango, njia ya waendao kwa miguu, kituo cha daladala au banda la kupumzikia ndugu wa wagonjwa. Mkutano wa "kukusanya maoni" juu ya michoro iliyokwisha kuidhinishwa haumdanganyi mtu. Watu watapiga makofi na kuondoka, na safari ijayo utawakuta mwenyekiti wa mtaa na wazee wachache.

Eleza pia hospitali ni ya nani. Mwaka 2017 hospitali za rufaa za mikoa zilihamishwa kutoka TAMISEMI kwenda Wizara ya Afya, ilhali zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri zilibaki TAMISEMI. Mwananchi halijui hilo, wala halimhusu; yeye atampelekea diwani wake malalamiko. Diwani naye atayapeleka kwenye baraza la madiwani lisilo na mamlaka juu ya hospitali hiyo. Kwa hiyo, mpango wa ushirikishwaji utaje mapema ofisa wa hospitali atakayepokea hoja za madiwani na muda atakaotumia kuzijibu. Bila hivyo, hoja itazunguka ofisini hadi isahaulike.

Kila mahali paulizwe swali lake

Mkoa una halmashauri sita na, kwa sensa ya mwaka 2022, watu 889,946. Hojaji moja haiwatoshi wote. Wakazi wa Wikichi waulizwe kuhusu majitaka, vumbi, moshi wa kichomea taka na ajira za ujenzi. Hayo ndiyo ya jirani wa hospitali, na tathmini ya athari kwa mazingira inayotakiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ni fursa nzuri ya kuyajadili.

Makambako ina shida tofauti kabisa. Ni njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita. Hospitali ya mkoa iko umbali wa takriban kilomita 60 kusini, wakati Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, upande mwingine. Dereva wa lori aliyevunjika paja usiku apelekwe wapi, na nani, kwa gari lipi? Waulize madereva, bodaboda, mama lishe wa stendi, askari wa usalama barabarani na wauguzi wa zamu ya usiku. Usiende huko na mchoro wa wodi. Nenda na mpango wa magari ya wagonjwa.

Kwa watu wa mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, na wa Makete, suala kubwa ni malazi. Njombe hupiga baridi kali Juni na Julai, na ndugu aliyemleta mgonjwa kutoka Lupingu hawezi kulala barazani. Banda la kupikia na kulala ni sehemu ya hospitali, hata kama mhandisi anaona ni nyongeza ya gharama.

Hospitali za makanisa zishirikishwe tangu mwanzo: Ikonda, Ilembula, Lugarawa. Wagonjwa wamezizoea kwa miaka mingi, na Ikonda hupokea hata wa mikoa mingine. Kupanga huduma za kibingwa bila kuzungumza nazo ni kununua mashine mbili mahali panapotosha moja.

Wasiosema mkutanoni

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha maambukizi ya VVU mkoani Njombe ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine. Mahali pa kuweka kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC, kwa hiyo si suala dogo la mchoro. Jengo la pekee lenye mlango unaoonekana toka barabarani huwafanya baadhi ya watu wakachukue dawa wilaya nyingine. Lakini hakuna atakayenyoosha mkono kusema hivyo mbele ya jirani zake. Zungumza faraghani na Konga ya wilaya, yaani mtandao wa watu wanaoishi na VVU, na usiandike majina kwenye muhtasari.

Wanawake wazee wengi huzungumza kwa uhuru zaidi kwa Kibena, Kikinga au Kipangwa. Tafuta muuguzi anayeijua lugha husika, na mikutano isigongane na msimu wa kuvuna viazi.

Fidia iwe na kikao chake

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Thamani ya miti ya mbao na miparachichi huzua ubishi kuliko nyumba yenyewe, na ukichanganya fidia na maoni ya huduma, fidia itakula saa zote. Mthamini awe na kikao chake, na kila mwenye mali ajue kilichoandikwa kwenye fomu yake kabla ya kutia saini.

Baada ya kila mkutano, bandika kwenye ofisi ya kata jedwali la hoja, uamuzi na sababu, likiwemo jibu la "hapana". Makambako wapate nakala yao, wasilazimike kuifuata Njombe.