UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA: Kwa Nini Diski ya Sinema Ina Bei Iliyo Nayo

Somo langu la mwaka huu halihusu ngeli wala viakifishi. Linahusu pesa. Nataka tujiulize swali ambalo kila mwenye runinga na mashine ya DVD amewahi kujiuliza. Kwa nini diski moja ya sinema huuzwa shilingi 50 kando ya barabara, nyingine shilingi 1,000, na nyingine huko Marekani ikauzwa karibu dola 40, ilhali zote ni duara la plastiki linalong'aa, lenye upana ule ule wa sentimita 12?

Wengi wetu hujibu mara moja, "Ah, ni tamaa ya wenye maduka tu!" Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini halitoshi. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuanze na muundo.

1. Diski yenyewe

Diski ya DVD ina unene wa milimita 1.2. Si kipande kimoja, bali ni vipande viwili vya milimita 0.6 kila kimoja, vilivyoshikanishwa kwa gundi. Plastiki yake ni ile ngumu iitwayo polikaboneti. Kiwandani, filamu huandikwa kwanza kwa mwali wa leza juu ya kioo. Kutokana na kioo hicho hutengenezwa muhuri wa nikeli, na muhuri huo ndio unaopiga chapa kwenye plastiki ya moto, kama vile muhuri wa shule unavyopigwa kwenye barua. Vishimo vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyobeba picha na sauti. Halafu diski hupakwa utando mwembamba wa alumini ili iakisi mwanga. Kupiga chapa diski moja huchukua sekunde chache tu.

Ile ya hamsini bob ina historia tofauti. Hiyo hununuliwa ikiwa tupu, kisha huchomwa moja moja kwa tarakilishi. Igeuze uitazame upande wa chini. Mara nyingi utaona rangi ya zambarau, kwa sababu ndani yake mna rangi maalumu inayobadilika ikipigwa na leza. Ya kiwandani hung'aa rangi ya fedha au ya dhahabu.

Kuna tofauti nyingine. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7 na basi. Mchuuzi akijaza humo filamu saba, kila moja hupata chini ya gigabaiti 0.7. Ndiyo maana nyuso za waigizaji huonekana kama zimefunikwa na ukungu wa Limuru! Mnunuzi hudhani amepata filamu saba kwa bei ya moja, kumbe kila moja imekatwa mnofu ikabaki mifupa.

2. Hesabu ndogo

Kama plastiki ni rahisi na kazi ni ya sekunde chache, pesa nyingine zinakwenda wapi? Hapa tuazime kalamu ya mwalimu wa hisabati. Nitakazotumia ni tarakimu za mfano tu.

Tuseme kikundi cha waigizaji kimetumia shilingi 200,000 kurekodi mchezo: malipo ya waigizaji, mavazi, kamera, taa, mhariri wa picha, na ruhusa ya mwandishi wa kitabu. Pesa hizi hutoka hata kabla diski moja haijauzwa. Tuseme tena kwamba diski moja, pamoja na kasha na karatasi yake, hugharimu shilingi 40.

Wakiuza diski 200, kila diski itabeba shilingi 1,000 za matayarisho na 40 za plastiki. Jumla ni 1,040. Wakiuza 2,000, kila moja itabeba 100 na 40, yaani 140. Wakiuza 20,000, kila moja itabeba 10 na 40. Jumla ni shilingi 50!

Mmeona? Hatujaongeza faida ya mtu yeyote, lakini bei imeshuka kutoka elfu moja na ushei hadi hamsini. Plastiki haikubadilika. Kilichobadilika ni idadi ya wanunuzi. Hii ndiyo kanuni ya kwanza: kikubwa kinacholipiwa katika diski ni ile kazi iliyotangulia, na kazi hiyo hugawanywa miongoni mwa walionunua. Asiyenunua hugawa mzigo wake kwa wengine.

3. Historia: nani mnunuzi?

Kanuni ya pili tunaipata katika historia ya Marekani. Mwaka 1977 kampuni ya Magnetic Video ya jimbo la Michigan ilianza kuuza filamu 50 za Twentieth Century Fox katika kanda za video. Kanda moja iliuzwa kwa takribani dola 50, pesa nyingi sana siku hizo. Upesi wakatokea watu wenye akili ya biashara wakafungua maduka ya kukodisha kanda. Sheria ya Marekani humruhusu aliyenunua nakala halali kuiuza au kuikodisha bila kumlipa tena mwenye filamu. Kwa hivyo kanda ikikodishwa mara mia, mwenye filamu hakuongezewa hata senti.

Wenye filamu wakafanya nini? Wakapandisha bei! Katika miaka ya 1980, kanda ya filamu mpya iliuzwa dola 80 au hata karibu 90. Bei hiyo haikumlenga baba wa nyumbani bali mwenye duka. Tukadirie kwamba alikodisha kwa dola 3. Baada ya kuikodisha mara 27 alikuwa amerudisha pesa zake, na kutoka hapo ni faida tupu.

Hata hivyo, baadhi ya filamu zilijaribiwa kwa bei ya chini ili watu wa kawaida wanunue. Mwaka 1982, Star Trek II iliuzwa dola 39.95. Mwaka 1987, Top Gun iliuzwa dola 26.95, tena ikiwa imetanguliwa na tangazo la soda la Pepsi. Kanda ni ile ile, plastiki ni ile ile, lakini bei ni theluthi moja. Sababu? Mnunuzi aliyelengwa alikuwa mwingine.

Ilipokuja DVD, huko Japani Novemba 1996 na Marekani Machi 1997, mtindo huu wa bei ya chini ndio uliotawala. Warren Lieberfarb, mkuu wa kitengo cha video cha Warner, alisisitiza kwamba watu wauziwe filamu waweke nyumbani kama wanavyoweka vitabu. DVD nyingi zikauzwa kwa dola 20 hadi 25. Watu wakanunua kwelikweli! Baada ya muda filamu kuukuu zikatupwa katika vikapu vya maduka makuu kwa dola 5. Haba na haba hujaza kibaba.

Sasa upepo umegeuka. Watu wengi hutazama filamu kwa intaneti. Netflix, iliyoanza kukodisha DVD kwa posta mwaka 1998, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Maduka ya Best Buy yaliacha kuuza diski za sinema mwaka 2024. Wanunuzi waliobaki ni wachache, na wengi wao ni wapenzi wakubwa wa sinema. Kampuni ya Criterion, iliyoanzishwa mwaka 1984, husafisha filamu za zamani na kuziuza pamoja na maelezo ya wataalamu. Bei yake ya kawaida kwa diski ya Blu-ray imekuwa dola 39.95. Lakini kuna vipindi ambapo diski hizo hizo huuzwa nusu bei! Asiye na subira hulipa yote, mwenye subira hulipa nusu. Hiyo ndiyo kanuni ya pili: muuzaji hutazama pia mfuko na hamu ya mnunuzi. Hapa ndipo ile chembe ya ukweli kuhusu tamaa inapoingia.

4. Dunia iliyokatwa vipande

Wenye filamu walijua kwamba Mmarekani na Mkenya hawana mfuko mmoja. Wakaigawa dunia katika kanda zenye nambari. Marekani na Kanada ni nambari 1. Ulaya, Japani na Afrika Kusini ni nambari 2. Sisi Kenya tuko nambari 5, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, Bara Hindi na Urusi. Mashine ya nambari 5 hukataa diski ya nambari 1, isipokuwa ikiwa imefunguliwa isome zote. Kwa njia hiyo, filamu iliweza kuuzwa kwa bei na wakati tofauti katika kila sehemu, bila diski ya bei nafuu kuvuka mpaka. Mnunuzi wa halali akajikuta amefungiwa mlango ambao mwenye nakala ya magendo hana habari nao. Hilo, kwa maoni yangu, lilikuwa kosa la wenye filamu.

5. Hapa kwetu

Diski halali ikitoka ng'ambo hulipiwa usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ambayo ni asilimia 16. Tena VAT hiyo hupigwa juu ya bei iliyokwisha kuongezwa ushuru, yaani kodi juu ya kodi. Mwenye duka naye ana kodi ya nyumba, umeme, na diski zinazokaa rafuni miezi mingi bila kununuliwa. Mchuuzi wa barabarani hana mambo hayo. Amelipia diski tupu na umeme, basi. Mwenye filamu hamjui, wala hana haja ya kumjua.

Wasanii wetu hawakukaa wakilia. Kule Nigeria, mwaka 1992, mfanyabiashara Kenneth Nnebue alitoa filamu ya Living in Bondage moja kwa moja katika kanda za video, ikauzwa kwa watu majumbani, na biashara kubwa ya Nollywood ikachipuka. Hapa Nairobi, watengenezaji wa vichekesho waliojulikana kama Riverwood, jina lililotokana na barabara ya River Road, waliuza diski zao kwa bei ya chini ili washindane na wanaonakili. Walifuata ile hesabu yetu: faida ndogo, wanunuzi wengi. Lakini hesabu hiyo hufaulu tu ikiwa wanunuzi wenyewe wananunua kwa msanii.

Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mwenye filamu kwa miaka 50, na ipo Halmashauri ya Hakimiliki ya kusimamia jambo hilo. Lakini polisi hawawezi kukaa katika kila kibanda. Mengine ni ya dhamiri.

6. Na chama chetu je?

Muhula uliopita chama chetu kilijadili ununuzi wa diski ya mchezo wa kitabu teule cha tamthilia. Waigizaji wanaiuza shilingi 1,000. Baadhi ya wanachama walisema tutafute nakala ya 50. Kura haijapigwa bado, kwa hivyo natoa hoja yangu hapa waziwazi.

Najua kwamba wengi wetu hatuna pesa. Wapo ambao karo yenyewe hulipwa kwa kuuza mbuzi. Sitamwita mtu yeyote mwizi kwa sababu ya umaskini wake. Lakini hebu turudi kwenye hesabu. Kama shule 200 zingenunua kwa 1,000, kikundi kingerudisha zile shilingi 200,000 za mfano wetu. Shule 100 zikiamua kunakili, zile 100 zilizobaki zitabidi zilipe 2,000 kila moja, au kikundi kivunjike na mwaka ujao hakuna wa kutuigizia. Tunasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo tunavyouona mzigo wa msanii, mwepesi kwa sababu hatuubebi sisi.

Tena, miongoni mwetu wapo wanaotunga michezo ya Tamasha la Drama. Kesho kazi yenu ndiyo itakayouzwa kando ya barabara kwa hamsini. Mtapenda?

Chama kina wanachama 40. Kila mmoja akitoa shilingi 25, tunapata 1,000 kamili. Ni bei ya maandazi machache tu. Diski itawekwa maktabani, na kidato kitakachotufuata kitaitumia pia. Kabla ya kulipa, tuwaulize waigizaji kama bei hiyo inaruhusu kuonyesha darasa zima, kwa maana diski nyingi huuzwa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani tu. Na tuwaombe wapunguze kidogo. Kuuliza si ujinga, na sasa tunajua kwamba bei si amri ya Mungu. Mwenye kuelewa bei ndiye anayeweza kuijadili.

Maswali ya kujipima

(a) Kwa kutumia tarakimu za sehemu ya 2, tafuta gharama ya diski moja ikiwa zitauzwa diski 500.
(b) Eleza kwa nini kanda moja iliuzwa dola 80 na nyingine dola 26.95.
(c) "Bei ya chini haimaanishi kwamba hakuna aliyelipa." Jadili kwa kurejelea makala haya.

Msamiati

Hakimiliki: haki ya mtunzi juu ya kazi yake.
Kitabu teule: kitabu kilichochaguliwa kutahiniwa.
Magendo: biashara ya kinyume cha sheria.
Usufi: pamba nyepesi ya mti wa msufi, itiwayo ndani ya mito.