Sensa Mbili Chini ya Manifodi: Mafunzo Niliyopata

Columbus, Ohio, ina watu wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, na kati yao wapo wanaoishi kwa kukata nyasi, kuhamisha mizigo na kuondoa theluji. Kwa kazi hizo mtu hununua pikapu kuukuu kwanza, mengine baadaye. Nyingi ninazoletewa kutengeneza ni Chevrolet Silverado za kati ya 1999 na 2006, zenye injini ya V8 ya lita 5.3. Ni injini ya kazi, haifi mapema. Ila sensa zake mbili za noki zimewekwa mahali ambapo mkono hauingii: bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, chini ya manifodi ya hewa. Kuzifikia ndiko kulikonifunza haya.

1. Kompyuta inakutajia mtaa, haikuonyeshi nyumba

Taa ya injini inawaka dashibodi, unaunganisha mashine ya kusoma misimbo, inakuandikia P0327 au P0332. Wengi wakishaona hivyo wanakimbilia duka la spea. Lakini msimbo huo unasema tu kwamba mawimbi ya umeme kutoka kwenye sensa yako chini kuliko inavyotakiwa. Kosa linaweza kuwa la sensa, la waya, la plagi, au la kutu iliyojificha kati yao.

Ndani ya sensa ya noki kuna kipande cha kristali ambacho kikitikiswa hutoa umeme kidogo. Petroli na hewa zikilipuka ovyo ndani ya silinda, yaani noki, bloku hutetemeka kwa namna yake, sensa husikia, na kompyuta huchelewesha cheche ili injini isijiumize. Sensa ikinyamaza, kompyuta haibahatishi: inachelewesha cheche muda wote kwa tahadhari. Ndipo mwenye gari anapoona gari limekuwa zito mlimani na petroli inakwisha upesi. Gari bado linatembea, na kwa sababu linatembea, watu huliacha hivyo mwaka mzima.

2. Pima kabla hujafungua hata nati moja

Hili ningelipigia mstari mara mbili. Waya wa sensa hizi huishia kwenye plagi iliyoko nyuma ya manifodi, juu, mahali unapopafikia kwa kuinama vizuri na tochi mdomoni. Zima gari, chomoa plagi hiyo, weka mita yako kwenye ohmu, ncha moja kwenye pini ya sensa na nyingine kwenye chuma cha injini. Sensa nzima ya aina hii husoma karibu kiloohmu 100. Ukipata hivyo kwa zote mbili, acha manifodi ilale. Tatizo huenda liko kwenye waya unaotoka hapo kwenda kwenye kompyuta, na umejiokolea kazi ya siku nzima.

Mita isiposoma kitu, au ikisoma namba ya ajabu, kosa liko chini. Kutoka hapo juu huwezi kujua kama ni sensa au ni waya mfupi unaoishikilia, na kwa kweli hakuna haja ya kujua. Soma fungu linalofuata.

3. Unalipia njia

Mzee mmoja wa Bukavu aliniletea Silverado ya 2003. Mita ilionyesha sensa moja imekufa, nyingine nzima. Nilipomwandikia orodha ya vifaa akaitazama kwa muda.

"Fundi, iliyokufa ni moja. Mbona unaniandikia mbili, na waya, na hii ya oili?"

"Mzee, hiyo moja bei yake ni ndogo. Kazi ni kuifikia. Nikibadilisha moja leo, hiyo nyingine ikifa wakati wa baridi utanilipa upya kufungua kila kitu."

"Na hii ya oili?"

"Iko hapohapo nyuma, imebanwa kati ya manifodi na ukuta wa gari. Manifodi ikiwa imetoka, naifungua kwa dakika chache."

Hakukubali papo hapo. Mtu aliyewahi kupigwa na mafundi ana haki ya kuuliza, nami humwonyesha mwenye gari mwenyewe, boneti ikiwa wazi. Orodha yangu kwa kazi hii haibadiliki: sensa zote mbili, waya wake mfupi, gasketi za manifodi, na sensa ya presha ya oili. Hiyo ya mwisho ikichoka, mshale wa oili huanguka hadi sifuri na mwenye gari husimama kando ya barabara kuu akidhani injini imekauka. Pia nikishafika huko huyatazama mabomba madogo ya raba yaliyokaa nyuma ya manifodi. Yakiwa yamepasuka hubadilishwa. Yakiwa mazima yanabaki. Sibadilishi kitu kwa sababu tu mkono wangu umepita karibu.

4. Kusafisha ndiyo kazi yenyewe

Kufungua si kugumu. Ondoa waya hasi wa betri. Punguza presha ya petroli kwenye valvu ndogo iliyoko kwenye reli ya injekta, ukiwa umeizungushia kitambaa, maana humo ndani mna karibu bari 4 na injini huenda bado ina moto. Bomba la petroli linataka kifaa chake cha kuchomolea. Ukilazimisha kwa bisibisi unavunja kishikizo. Boliti za manifodi ni 10, zote za soketi namba 8, na manifodi hutoka na injekta zake zikiwa juu yake.

Ila kabla ya kuinyanyua, puliza upepo wa kompresa pande zote, kisha puliza tena. Mchanga, majani makavu, maganda ya karanga aliyoacha panya: vyote vimelala pembezoni mwa matundu manane ya kuingizia hewa, na ukinyanyua bila kusafisha vinatumbukia. Matundu yakishakuwa wazi, yazibe kwa vitambaa safi na uvihesabu. Vikiingia vinane, vitoke vinane.

5. Adui ni maji

Sensa hizi zimekaa kwenye visima viwili vyenye vifuniko vya raba. Maji ya mvua au ya theluji iliyoyeyuka hutambaa hadi huko nyuma, hupita ukingoni mwa raba, hujaza kisima cha nyuma na kukaa. Ndiyo maana sensa ya nyuma mara nyingi hutangulia kufa. Nimeikuta imekuwa donge la kutu lisilotambulika, na hapo unapulizia dawa ya kulegeza kutu, unakunywa chai, unapulizia tena, kisha unaingiza soketi ya 22 taratibu.

Tiba yake inajulikana, na mwenye kiwanda aliwahi kuwaelekeza mafundi wake: jenga ukuta mdogo wa silikoni kuzunguka kisima cha nyuma ili maji yapite kando. Baada ya hapo mwambie mwenye gari asiruhusu mtu wa kuosha magari aelekeze mpira wa presha nyuma ya injini. Boneti inayong'aa inauzika, lakini maji yale hayana pa kutokea.

6. Nguvu ya mkono haitoshi

Sensa inasikia kupitia chuma, kwa hiyo namna ulivyoikaza ni sehemu ya usikivu wake. Kipimo ni Nm 20, kwa spana ya toki. Ikilegea haisikii vizuri. Ikikazwa kupita kiasi, hiyo nayo ni hasara. Usizungushe utepe mweupe kwenye nyuzi zake: sensa hii ina waya mmoja tu, na upande wa pili wa umeme hupita kwenye nyuzi hizo kuingia bloku.

Manifodi ni ya plastiki. Boliti zake huanzia katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza Nm 5, wa pili Nm 10. Fundi aliyezoea kukaza silinda hedi huona aibu kuishia hapo. Aishie hapo.

7. Usiunge waya mahali hutafika tena

Eneo la Gerezani, Dar es Salaam, nilikoanzia ufundi, waya ukikatika tuliumenya, tukausokota, tukazungusha utepe, gari likaondoka. Kwa taa au honi haina neno. Waya wa sensa ya noki unabeba umeme kidogo mno, uko kwenye joto, na unapita juu ya unyevu. Kiungo cha kusokota kitaota kutu. Waya mpya wenye plagi zake unapatikana, ni bei ndogo, na ndio pekee ninaouweka chini ya manifodi. Juu, pale mkono unapofika, naunga kwa risasi na mpira wa kujibana kwa joto.

Na plagi hushikwa kwenye plagi. Plastiki ya miaka ishirini ukiivuta kwa waya inabaki mkononi.

8. Kabla ya kuwasha

Fungua swichi bila kupiga stata, pampu ijaze reli, zima, rudia, ukinusa na kumulika tochi. Kukiwa na harufu yoyote ya petroli, rudi kwenye bomba. Ukiwasha, tazama kwanza mshale wa oili kabla ya taa ya injini. Misimbo ifute, kisha endesha ukiwa umebeba mzigo, maana kompyuta haipimi noki gari likiwa limesimama tu uani.

9. Jua unachonunua

Kuanzia matoleo mapya ya 2007, sensa hizi zilihamishiwa ubavuni mwa bloku. Unainua gari, unaingia chini, unafungua. Huko nyumbani wenye Land Cruiser 100 ya petroli, ile V8 ya 2UZ-FE, wasicheke: zao nazo ziko chini ya manifodi, na P0325 au P0330 ikitokea hesabu ni hizi hizi, panya akiwemo. Yeyote anayenunua gari la namna hiyo aende na mashine ya kusoma misimbo, na amwombe muuzaji asiioshe injini wiki hiyo.