Korongo Mwenye Taji Katika Stampu

Stampu ni kipande kidogo cha karatasi kinachobandikwa juu ya bahasha ili kuonyesha ya kuwa gharama ya kupeleka barua imelipwa. Barua ikiisha kusomwa, watu wengi huitupa bahasha pamoja na stampu yake. Lakini wako wanaozihifadhi, na wengine wao hutafuta zile zenye picha za ndege wa mbugani tu.

Mtu wa Afrika ya Mashariki akitaka kuanza mkusanyo wa namna hiyo, na aanze na korongo mwenye taji. Mwaka 1935 Kenya, Uganda na Tanganyika, zilizokuwa chini ya Waingereza, zilitumia stampu za pamoja, na korongo huyu alichorwa katika ile ya senti 1, yenye thamani ndogo kuliko zote. Uganda ilipata uhuru mwaka 1962, ikamweka korongo katikati ya bendera yake. Mwaka 1965 ikatoa stampu 14 za ndege, na korongo akapewa ile ya shilingi 20, iliyo kubwa kuliko zote. Ndege ni yule yule, ila amepanda cheo!

Stampu haibanduliwi kwa kuvutwa, maana meno yake yakikatika imeharibika. Hukatwa pamoja na kipande cha bahasha, ikaelezwa juu ya maji mpaka gundi ilegee, ndipo ikaanikwa kivulini.

Lakini picha haisemi kila jambo. Stampu ile ya mwaka 1935 ilipigwa chapa kwa rangi mbili tu. Aliyeitazama hiyo peke yake asingejua ya kuwa taji la korongo lina rangi ya dhahabu, wala kwamba shavu lake ni jeupe. Ayajuaye hayo ni yule aliyekwenda mbugani. Huko humwona akipigapiga ardhi kwa miguu ili wadudu waliojificha majanini waruke, naye awadake. Pengine humkuta akicheza na mwenziwe, wakiinamiana na kurukaruka, mabawa wazi. Jioni hulala juu ya mti, jambo wasilolifanya korongo wa nchi za baridi.

Kiota chake hukijenga kinamasini, na hapo ndipo penye taabu. Vinamasi vingi vimekaushwa vikawa mashamba, na watu huchukua mayai na makinda. Tangu mwaka 2012 korongo huyu amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani. Stampu ya senti 1 ingali ikipatikana kwa bei ndogo. Kumpata mwenyewe mbugani ni kazi zaidi.

Kwa hiyo mkusanyaji na aache nafasi chini ya kila stampu katika daftari lake, aandike humo siku na mahali alipomwona ndege huyo, na kama alikuwa na makinda, idadi yao.