BAISKELI YA UMEME ILIYOLALA MUDA MREFU

Barabara itokayo Butembo kwenda Beni hupita Kalunguta. Butembo iko juu milimani, kadiri ya meta 1,700. Beni iko chini zaidi, kadiri ya meta 1,200. Aendaye Beni kwa baiskeli hufurahi, na arudiye Butembo na mzigo wa maharagwe hutoka jasho. Hata hivyo vilima havikosi pande zote mbili.

Baiskeli ya umeme ni kinga kama kinga nyingine, ila ina mota ndogo na sanduku la betri. Mota haimfanyi mtu kuwa mvivu, humsaidia kupanda. Huko Jinja, katika nchi ya Uganda, chama kiitwacho FABIO kimewapatia watu baiskeli za namna hii, ziitwazo AfricroozE, wabebe mizigo yao.

Lakini watu wa Kalunguta wanajua maana ya kukimbia vita. Nyumba hufungwa upesi, kuku huachwa, na baiskeli husimama gizani miezi mingi, hata mwaka. Mwenyewe akirudi salama, anaikuta imejaa vumbi na utando wa buibui. Anafurahi. Mara anataka kuichaji na kuipanda siku ile ile. Asifanye hivyo! Tazameni kwa nini.

Kwanza atoe betri na kuiweka kando, ili mota isije ikageuka ghafula na kumkata vidole. Kisha aitazame baiskeli yenyewe. Mipira iliyokaa bila upepo hupasuka pembeni. Ikiwa nyufa ni nyingi, haifai tena, hata kama inashika upepo. Mnyororo una kutu: aupanguse kwa kitambaa, autie mafuta ya mashine kidogo, aupanguse tena. Mafuta ya mawese hayafai, maana hunata na kukusanya mchanga.

Breki ndiyo kazi kubwa. Baiskeli ya umeme ni nzito, mara nyingi kilo 20 na zaidi bila mtu wala mzigo. Huko Kalunguta, breki ikikataa mtelemkoni, mtu hana pa kusimama. Waya za breki zikiwa na kutu, zibadilishwe. Mipira ya breki ikiwa imekauka na kuwa migumu kama jiwe, ibadilishwe nayo. Tone la mafuta lisiguse mahali breki inaposhika.

Sasa betri. Betri ya lithiamu hailali usingizi kamili. Ndani yake mna kibao kidogo cha kuilinda, nacho hunywa umeme kidogo kidogo, usiku na mchana. Betri yenye alama ya volti 36 mara nyingi ina seli 10 zilizofuatana. Kila seli ikijaa hufika volti 4.2, basi zote pamoja ni volti 42. Seli ikishuka chini mno na kukaa hivyo, shaba iliyo ndani yake huweza kuanza kuyeyuka. Mtu akiichaji baada ya hapo, shaba ile huganda tena mahali pasipo pake, na umeme hupata njia ya mkato. Ndipo moto hutokea, tena moto mkali wenye moshi wa sumu.

Kwa hiyo fundi hupima kwanza. Betri ya volti 36 ikionyesha chini ya volti 25, haichajiwi tena. Iliyovimba, iliyopasuka, iliyolowana au yenye harufu ngeni haichajiwi hata kama vipimo vyake ni vizuri. Wapo wanaojua kuidanganya betri kwa kipande cha waya ili ikubali umeme. Huo si ufundi.

Ikiwa betri ni nzima, vyuma vyake vya kugusana vipanguswe kwa kitambaa kikavu. Ichajiwe kwa chaja yake yenyewe, mchana, watu wakiwapo, juu ya saruji au mawe, mbali na nyasi, magodoro na mlango wa kutokea. Mwenye umeme wa jua asiunganishe kibao cha jua na betri moja kwa moja. Baada ya nusu saa aiguse: vuguvugu si kitu, lakini ikichoma mkono au ikitoa sauti kama ya nyoka, akate umeme palipo na swichi, na wote watoke nje.

Zipo pia baiskeli zenye betri ya risasi na asidi, kama ya motokaa. Tabia yake ni kinyume kabisa. Betri ya risasi hutaka kulala imejaa. Ikilala tupu huharibika. Ya lithiamu hupenda kulala nusu, mahali pakavu pasipo joto, na kuangaliwa kila miezi miwili au mitatu.

Mwisho, betri irudishwe mahali pake na gurudumu la mota liinuliwe juu. Mota iwashwe polepole, kisha breki ishikwe: katika baiskeli nyingi za umeme mota hukatika mara moja. Isipokatika, arudi kwa fundi. Ikikatika, apande mahali tambarare, bila mzigo, na asifike mbali siku ya kwanza.

MASWALI
1. Kwa nini betri hutolewa kabla ya kusafisha mnyororo?
2. Betri ya lithiamu na betri ya risasi hutofautianaje zinapolala?
3. Betri ina saa-ampea 10, nayo ni tupu. Chaja inatoa ampea 2. Itajaa kwa muda wa saa ngapi, kwa kukadiria?