Kabla hujaandika "peperomia" kwenye posti, pindua jani kwanza

Wapambanaji wa maua ya ndani, leo tuongelee yale yenye majani madogo madogo yanayoning'inia kwenye vyungu. Mtandaoni karibu yote yanaitwa peperomia. Juzi mteja kanitumia inboksi picha ya ua alilouziwa kwingine kwa jina hilo, anauliza mbona mbwa wake anajikuna kila akililalia. Nikamwomba apige picha upande wa chini wa jani. Zambarau! Hiyo ni kalisia, na kalisia huweza kuwasha ngozi ya mbwa. Peperomia haina sumu kwa mbwa wala paka, na mteja alilichagua kwa sababu hiyo hiyo. Muuzaji karudisha hela yote, na ua limekaa huko huko.

Mimi huanzia pale jani linaposhikana na shina. Kalisia haina kikonyo, jani limelivaa shina kama ala inavyovaa kisu, na ncha imechongoka. Pilea depressa majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na ukingo wa mbele una vijino. Peperomia jani lina nyama, ukilibonyeza taratibu unahisi limeshiba maji. Ile ya Hope huota majani matatu au manne kwenye kifundo kimoja. Rotundifolia ni moja moja, duara kama kifungo.

Likitoa maua ubishi umekwisha. Peperomia hutoa kijiti chembamba kama mkia wa panya, bila petali. Ni ndugu wa pilipili manga, na aliyeona pilipili manga mbichi Zanzibar au Muheza atautambua ukoo. Kalisia hutoa kiua cheupe cha petali tatu. Peperomia ziko aina zaidi ya 1,000, kwa hiyo kama jina la pili hulijui andika "peperomia" tu, usibahatishe.

Sasa kwenye matunzo, na hapa ndipo mtaji unapoozea. Porini nyingi za hizi hukaa juu ya magogo na matawi ya miti, mizizi ni mifupi na inataka hewa. Ukiweka udongo mzito wa shambani kwenye chungu kikubwa, umeshaliua. Changanya makumbi ya nazi na mchanga mnene au mkaa uliopondwa, chungu kidogo chenye matundu chini. Ingiza kidole, nusu ya juu ikiwa kavu ndo mwagilia. Jani likilegea wakati udongo umelowa, usiongeze maji, mizizi inaoza: kata vipande vizima vya shina, acha kidonda kikauke kwa siku moja, pandikiza upya. Mwanga uwe mwingi ila jua la mchana lisiligonge.

Kusafirisha kwa basi, mfano Dar kwenda Mwanza: usimwagilie siku mbili tatu kabla. Funga chungu kwa gazeti ili udongo usimwagike, weka kwenye boksi lenye matundu, na mfuko wa nailoni uliofungwa usiutumie kabisa, joto la kwenye buti litalichemsha. Mwambie mteja akilipokea aliache kivulini mpaka kesho yake ndo alipe maji.

Kwenye posti weka picha tatu: ua zima, chini ya jani, na kifundo. Anayejua maua ataangalia hiyo ya pili kwanza.