Isimu na Fasihi Linganishi katika Darasa la Kiswahili

Wanachuo wengi hutuuliza: mwalimu wa shule ya msingi ana haja gani na isimu na fasihi linganishi? Tunajibu kwa tukio tulilolishuhudia wakati wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya vijijini mkoani Shinyanga. Mtoto wa darasa la tatu alisoma neno "mahari" akatamka "mahali". Mwanachuo akamwita mzembe, na darasa likacheka. Kwa muda wote wa mazoezi uliosalia, mtoto yule hakunyosha mkono tena.

Mtoto hakuwa mzembe. Katika Kisukuma, lugha ya nyumbani kwake, tofauti ya sauti l na r haibadilishi maana ya neno. Sikio lake lilikuwa halijapata sababu ya kuzitenga. Hapo karipio halisaidii. Kinachosaidia ni kulinganisha.

1. Kulinganisha lugha

Wilhelm Bleek alianza kuchapisha sarufi linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika mwaka 1862, akaonyesha kuwa lugha za Kibantu ni za ukoo mmoja. Udugu huo mwalimu anaweza kuuonyesha ubaoni:

Kisukuma: munhu, banhu, Kiswahili: mtu, watu
Kisukuma: ng'wana, bana, Kiswahili: mwana, wana
Kisukuma: ng'waka, Kiswahili: mwaka
Kisukuma: lelo, kulila, Kiswahili: leo, kulia

Wanafunzi wataona wenyewe kwamba ng'w hukutana na mw, b ya wingi hukutana na w, na kwamba Kiswahili kimedondosha l katika "leo" na "kulia". Kisha mwalimu ataje jozi kama kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Wanafunzi wasikilize kwanza, waonyeshe maana, ndipo watamke.

Tahadhari: katika machimbo ya dhahabu ya Geita darasa moja huweza kuwa na watoto wa Wasukuma, Wazinza, Wakerewe na Waha. Mwalimu asikisie, aulize kila mtoto husemaje neno hilo nyumbani kwao.

2. Kulinganisha fasihi

Wasukuma husimulia habari za Masala Kulangwa, kijana aliyeliua zimwi Shing'weng'we lililokuwa limewameza watu wote isipokuwa mama yake. Alipolipasua tumbo, watu wakatoka hai. Lakini kisu kilimkata sikio mtu mmoja, naye akamwekea kinyongo. Masala akamtafutia dawa, akamponya. Basotho, walio mbali kusini mwa Afrika, nao wana Senkatana, aliyeliua zimwi Kholumolumo kwa namna hiyo hiyo. Lakini Senkatana aliuawa na watu wale wale aliowaokoa.

Mwalimu aulize: kwa nini hadithi zinazofanana hivi huishia mahali tofauti? Kila jamii inatufundisha nini juu ya kiongozi na shukrani? Mtoto aliyeisikia hadithi hiyo kwa bibi yake atakuwa na la kusema, hata kama Kiswahili chake bado kinasitasita.

Hitimisho

Lugha ya nyumbani ni akiba ambayo mtoto huja nayo shuleni. Mwalimu asiyeijua huiona kuwa kosa. Aliyejifunza kulinganisha huanzia hapo.

Mazoezi

1. Kusanya maneno kumi ya lugha ya nyumbani ya wanafunzi wako, uyalinganishe na ya Kiswahili.
2. Andaa somo la dakika 40 juu ya jozi tatu za l na r.
3. Tafuta hadithi ya zimwi katika jamii yako. Mwisho wake unafanana na wa Masala au wa Senkatana?